Sifuri Nayo Huandikwa

Januari hapa Nyakoe ina sauti yake. Masanduku ya chuma yanagongana juu ya matatu, mzazi anabishana na makanga kuhusu nauli ya godoro, na kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu akina mama wamepanga ndizi ambazo wiki hiyo hazina mnunuzi kwa kuwa kila shilingi imeshaenda shuleni. Wakenya wameupa mwezi huo jina linaloustahili: Njaanuari. Ni katika mwezi huo, miaka mingi iliyopita, nilisimama stejini nikiwa na begi, viatu vya mpira na darubini ya kuazima, mzee jirani yetu akaniuliza naelekea wapi.

"Nakuru, baba. Kuhesabu ndege."

Akanitazama kuanzia miguuni kupanda juu. "Ndege wa nani?"

"Si wa mtu."

"Na wanakulipa?"

"Hapana."

Akafikiri kidogo. "Basi uhesabu vizuri, momura," akasema. "Cha kulipiwa mtu hurudiwa kikikosewa. Hicho chako nani atakirudia?"

Sikujua kwamba mzee alikuwa ameugusa msingi ambao taasisi nzima imejengwa juu yake. Hesabu ya Januari ya ndege wa maji nchini Kenya haina jengo lenye jina lake, haina mshahara, haina sare. Ina wiki zake tu katika kalenda, na watu ambao wiki hizo zikifika huacha shughuli zao na kurudi kando ya maji yaleyale. Takwimu zake za maziwa ya Bonde la Ufa zinaanzia 1991. Waliokuwa wanafunzi wa chuo wakati huo sasa wana mvi, na wengine wao bado wanashika darubini, ingawa siku hizi wanamwachia kijana ile miguu mitatu ya darubini aibebe begani.

Tuelewane kwanza kuhusu majira. Katika lugha za kaskazini hesabu ya aina hii huitwa ya majira ya baridi, na jina hilo likifika Gusii linachekesha. Baridi yetu ni ya Juni na Julai, ile ya ukungu unaolala juu ya ukingo wa Manga mpaka saa nne asubuhi. Januari ni jua. Baridi inayotajwa ni ya wengine: ya Siberia, ya Finland, ya Kazakhstan, ambako maji yamekuwa mawe na bata hana pa kutia mdomo. Ndege wa huko hufunga safari kuanzia Agosti, wakavuka jangwa na bahari, wakaupanda mto Nile au wakafuata Bonde la Ufa, na ikifika Januari wameshatulia. Hakuna anayewasili wala anayeondoka. Mwezi wa Machi wataanza kuhangaika tena, wale vitwitwi wadogo wakinenepa kama wanaokwenda harusini, na hapo hesabu haitaaminika tena. Serikali nayo hutuhesabu kwa akili hiyohiyo. Usiku wa 24 Agosti 2019 ilitutaka sote tujulikane tumelala wapi, kisha ikatangaza kwamba Kaunti ya Kisii ina watu 1,266,860. Ndege wa maji huhesabiwa wakiwa wamelala nyumbani. Tofauti ni kwamba nyumbani kwao ni kwetu.

Wazo lenyewe si letu peke yetu, na hakuna aibu kusema hivyo. Huko Marekani palikuwa na mchezo wa Krismasi: makundi mawili yanaingia porini na bunduki, na atakayerudi na mizoga mingi ndiye mshindi. Mwaka 1900 Frank Chapman, mtaalamu wa ndege katika makumbusho ya New York, alipendekeza watu wahesabu ndege walio hai badala ya kuwaua. Walioitikia mwaka huo walikuwa 27. Ulaya ilichukua njia yake: Januari 1967 nchi kadhaa zilianza kuhesabu kwa pamoja mabata, mabata bukini na jamaa zao, na hesabu hiyo ikakua mpaka ikawa ya dunia, ikisimamiwa leo na shirika la Wetlands International. Tawi la Afrika lilipata umbo lake 1991. Kenya iliingia tangu mwanzo.

Iliingiaje? Hapo ndipo panapotaka historia ndefu kidogo, maana chama kilichobeba mzigo huu hakikuzaliwa na watu wa kuhesabu.

Mwaka 1909 walowezi, madaktari na maofisa wa kikoloni waliunda chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Mwaka uliofuata wakafungua makumbusho madogo Nairobi, na hayo ndiyo yaliyokuja kuwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kwa miaka mingi kumjua ndege kulikuwa na maana moja: kumpiga risasi, kumchuna, kumjaza pamba na kumlaza chali kwenye droo akiwa na karatasi mguuni. Droo hizo zipo mpaka leo na zina kazi, sizibezi. Lakini droo hukuambia ndege alikuwepo, haikuambii walikuwa wangapi. Mwafrika katika historia hiyo alikuwa mbeba bunduki au mchunaji ngozi. Jina lake mara nyingi halikuandikwa kwenye ile karatasi ya mguuni.

Mgeuko ulikuja polepole, na kwa maoni yangu ulianza na matembezi kabla ya sayansi. Kila Jumatano asubuhi, kwa muda wa karibu nusu karne, Fleur Ng'weno aliwakusanya watu pale Makumbusho na kwenda nao kutazama ndege popote Nairobi na viunga vyake. Ni mama yuleyule aliyeanzisha na mumewe Hilary jarida la watoto la Rainbow. Hukuhitaji shahada wala darubini, ilitosha ufike kwa wakati. Waongoza watalii wengi wa Kenya wanaojua ndege kwa sauti walianzia kwenye Jumatano hizo, wakiwa vijana wasio na nauli ya kurudi. Chama kile cha 1909 kilikuwa kimeshabadilika sura, na siku hizi kinajulikana kwa jina la Nature Kenya.

Kisha ikafika 1990. Tarehe 5 Juni mwaka huo Kenya ilijiunga rasmi na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na Ziwa Nakuru likawa la kwanza letu kuingia katika orodha. Mkataba huo una vipimo vinavyotaka tarakimu. Ardhi oevu huhesabiwa kuwa ya umuhimu wa kimataifa ikiwa kwa kawaida inabeba ndege wa maji 20,000 au zaidi, au ikiwa inabeba asilimia moja ya jamii nzima ya aina fulani ya ndege. Asilimia moja ya wangapi? Na wangapi wako Nakuru? Swali kama hilo huwezi kulijibu kwa kusema "wako wengi, ziwa limegeuka waridi." Serikali ilikuwa imetia sahihi karatasi inayodai hesabu, na mtu wa kuhesabu hakuwepo.

Idara ya ndege ya Makumbusho, wakati huo ikiongozwa na Leon Bennun, ilishika kazi hiyo pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo lenyewe lilikuwa changa. Oliver Nasirwa ndiye aliyekuwa mratibu wa miaka hiyo ya mwanzo, na baadaye Alfred Owino akaushika usukani. Nawataja kwa sababu taasisi isiyo na jengo hukaa ndani ya watu, na hao walikuwa nguzo zake: ndio walioandika barua za kuomba magari, walioamua ufuko ugawanywe vipi, waliokaa baada ya hesabu wakijumlisha fomu zenye madoa ya tope na chai. Kwa miaka kadhaa walihesabu mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, ili wajue wenyeji ni wangapi wageni wakishaondoka. Mwaka 2001 Owino, Nasirwa, Bennun na mwenzao Oyugi walichapisha matokeo ya karibu muongo mzima, kuanzia 1991 hadi 1999, kwa maziwa manne ya Bonde la Ufa. Kurasa hizo ni kavu kama zilivyo kurasa za wanasayansi. Lakini nyuma ya kila nukta katika michoro ile kuna mtu aliyeamka saa kumi usiku bila malipo.

Sasa niseme kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi hudhani ni kukaa ufukoni na chupa ya chai.

Mnaamka giza. Waratibu wamegawa ziwa vipande, na kila kundi lina kipande chake chenye mwanzo na mwisho unaojulikana: kutoka mdomo wa mto Njoro mpaka mti fulani, kutoka mti huo mpaka chini ya jabali la nyani. Makundi yote huanza kwa wakati mmoja, kwa sababu ndege wana mabawa. Ukichelewa nusu saa, bata waliohesabiwa na jirani yako watakuwa wameshahamia kwako, na Kenya itapata bata ambao haina. Ndani ya kundi kila mtu ana wadhifa. Mmoja anatazama kwa darubini ya miguu mitatu na kutaja, mmoja anaandika, mmoja anatazama huku na huku kwa darubini ya mkononi asipitwe na kinachoruka. Nakuru kuna wa nne: askari wa KWS mwenye bunduki, ambaye hatazami ndege hata kidogo. Yeye anatazama vichaka. Nyati hajui kwamba umejitolea.

Mwandishi ndiye mtu muhimu kuliko wote na hakuna anayetaka kuwa yeye. Macho yake yako kwenye karatasi asubuhi nzima. Anasikia tu: "Mwari kumi na wanne. Yangeyange mdogo saba. Sululu wawili, hapana, watatu. Kitwitwi... ngoja." Anachora vijiti vinne na cha tano anakipitisha mshazari juu yao. Mimi vijiti hivyo vilinipendeza kwa sababu ya kwetu. Kwa Ekegusii, kama ulihesabu ukiwa mtoto juu ya vidole vya nyanya yako, unajua kwamba ukifika isano, yaani tano, mkono umejaa na unaanza upya: sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, nane ni tano na tatu. Karatasi ya kuhesabia ndege inahesabu Kigusii bila kujua.

Makundi madogo huhesabiwa mmojammoja. Wakiwa elfu nyingi, unafundishwa kuhesabu kwa macho. Unahesabu kumi kwa uangalifu na kuona wanachukua nafasi kiasi gani. Unaweka kumi hizo kando ya kumi nyingine mpaka ujue mia inafananaje, kisha unaibeba ile mia kama sufuria ya kupimia maharagwe na kulipima nayo kundi zima kutoka kushoto hadi kulia. Heroe, ambao Wakenya wengi huwaita flamingo, hupimwa hivyo. Mara ya kwanza nilipojaribu, mimi nilipata elfu tatu, na dada mmoja mwanafunzi wa Egerton aliyekuwa kando yangu akapata elfu sita. Mwalimu wetu hakucheka. Alituambia turudie, tukarudia mara tatu mpaka tukakaribiana. "Mkikosea," akasema, "mkosee kwa namna ileile kila mwaka." Nilidhani ni utani. Baadaye nilielewa kwamba hiyo ndiyo sayansi yenyewe: kosa linalojulikana linaweza kuondolewa, lakini ubunifu wa kila mtu na mwaka wake hauna dawa.

Na kuna wale vitwitwi. Vijindege vya kijivu, ukubwa wa shomoro, vinakimbia kwenye ukingo wa maji, na kwa mbali vyote ni kimoja. Wengi wao wamezaliwa kwenye nyika za barafu karibu na ncha ya dunia na wamesafiri maelfu ya kilomita ili waje watufanye tugombane. Fomu ina mstari kwa ajili yao: wadogo wasiotambulika. Mgeni huona haya kuutumia mstari huo. Mzoefu anautumia bila kusita, na ukimbana aseme jina atakwambia afadhali mia wasiojulikana wa kweli kuliko mia wenye jina la uongo.

Sifuri ndiyo ilinishinda. Asubuhi ya hesabu yangu ile ya kwanza kipande chetu cha ufuko kilifika mahali palipo kimya, tope tupu, maji tupu. Nilifunga darubini. Mwandishi wetu, mwalimu mstaafu, akabaki amesimama na kalamu. "Andika saa," akaambiwa, "halafu andika sifuri." Nikauliza kwa nini tupoteze wino. Jibu nililopewa ni kwamba pasipoandikwa kitu, atakayesoma miaka ishirini baadaye hatajua kama ndege hawakuwepo au ni sisi hatukuwepo.

Kila ziwa lina tabia yake, na watu wa hesabu huyazungumzia kama jamaa. Naivasha ni la mashua. Unapita kando ya mafunjo ukimhesabu furukombe kila baada ya mwendo mfupi, na mwenye mashua anakwepa viboko kwa kujua mahali pao kama ujuavyo mashimo ya barabara ya kwenu. Baringo nalo ni la mashua, na mamba juu yake. Elmenteita ni dogo, la chumvi, na ndiko mwari weupe wanakotaga kwenye visiwa vya mawe. Lakini Elmenteita halikuwa na samaki wa kuwatosha, basi mwari walikuwa wakipanda hewani kila siku kwenda kula Nakuru. Na Nakuru samaki walitoka wapi? Waliletwa na watu, kutoka Magadi, katika miaka ya 1950 na 1960, ili wale viluwiluwi vya mbu. Mbu sijui kama waliona tofauti, ila mwari waliona. Kwa hiyo ukiandika "mwari 400" pale Nakuru, umeandika pia habari ya ndoo ya samaki iliyomwagwa kabla hujazaliwa.

Bogoria ni la heroe na chemchemi zinazochemka. Magadi ni joto la kutosha kumfanya mtu aungame. Na kuna Dandora, mabwawa ya majitaka ya Nairobi kule Ruai, ambako harufu inakupokea kilomita moja kabla ya geti. Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba hapo ni miongoni mwa mahali bora zaidi pa kuona mabata wa Ulaya na Asia, anafikiri unamtania. Nimewaona watu wazima wakiombana zamu ya Dandora.

Ni nini basi ambacho miaka hii yote imekionyesha? Wa kwanza kudanganyika ni macho. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilipungua mpaka vumbi la magadi likawa linapeperuka juu ya mji, heroe wakatoweka, na habari zikaandikwa kwamba wamekwisha. Muongo huohuo palitokea vifo vya heroe kwa wingi Nakuru na Bogoria, na watu wakaunganisha mambo. Lakini heroe mdogo hula mwani wa maji ya chumvi na huhama ziwa hadi ziwa kuufuata, na kutaga hutaga mbali, Ziwa Natron huko Tanzania, kwenye magadi yanayounguza. Leslie Brown alipotembea kuvifuata viota hivyo mwaka 1954, tope lile lilimchuna miguu nusura afe. Ziwa moja tupu halisemi kitu. Maziwa yote yakihesabiwa ndani ya muda mmoja ndipo utajua kama jamaa wamekufa au wamehamia kwa shemeji.

Kisha kuanzia karibu 2010 mambo yakageuka juu chini. Maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda na hayakukoma. Nakuru, lililokuwa na kama kilomita za mraba 40, lilipita 60. Geti kuu la mbuga likazama pamoja na ofisi zake, migunga ikafa imesimama majini, na maji ya chumvi yakazimuliwa mpaka mwani wa heroe ukapungua. Kwa wahesabuji hili lilikuwa pigo la aina yake. Ule mti wa kuanzia uko ndani ya ziwa. Njia ya askari iko ndani ya ziwa. Watu walibishana kwa uchungu wa kweli kama mpaka wa kipande usogezwe juu au ubaki kwenye ramani ya zamani na kuhesabiwa kwa mbali. Kwa mtu wa nje ni ugomvi wa bure. Kwa waliobeba mfululizo tangu 1991 ilikuwa kama kuulizwa ukubali kuhamisha kaburi.

Mfululizo huo umewahi kusaidia hoja nzito. Naivasha iliingia orodha ya Ramsar 1995, Bogoria 2001, Baringo 2002, Elmenteita 2005. Mwaka 2011 Bogoria, Nakuru na Elmenteita yakatangazwa kwa pamoja kuwa Urithi wa Dunia. Kabla ya hapo, 1999, Bennun na Peter Njoroge walikuwa wametoa kitabu kinachotaja maeneo 60 muhimu kwa ndege nchini. Katika kila moja ya hatua hizo kulikuwa na meza fulani, na juu ya meza hiyo mtu aliweka jedwali la tarakimu. Wanasiasa na wawekezaji hawakulia machozi kwa sababu ya bata. Ila tarakimu iliyorudiwa miaka kumi ni vigumu kuisukuma nje ya mlango.

Lakini sifa zisizo na lawama ni za mchumba. Nadhani hesabu yetu imeyapenda mno maziwa makubwa. Ilizaliwa huko, magari yake yanajua njia ya huko, picha zake nzuri ni za huko. Nyanda zetu za Kisii na Nyamira hazina ziwa. Zina mabonde: kila vilima viwili vina kijito katikati, na zamani kila kijito kilikuwa na kinamasi chake, chenye nyasi ndefu na matete. Hapo ndipo palipokuwa pa korongo mwenye taji, yule Waganda waliyemweka kwenye bendera yao. Hulala mtini, ila kiota chake lazima kiwe ndani ya nyasi zenye maji, na vifaranga vyake hukulia humo kabla ya kuruka.

Magokoro, nyanya yangu mzaa baba, aliniambia kwamba alipoolewa walikuwa wakija bondeni chini ya boma wakicheza, wakirukaruka na kupigiana magoti, na watoto walikatazwa kuwatupia mawe. Wangapi? Hakutaka kusema. Yeye alikuwa mtu wa kale, na kwake kuhesabu kilicho hai ni kukiita balaa: hakuhesabu kuku wake kwa sauti, na ukimuuliza ana wajukuu wangapi alijibu "Mungu anawajua." Nilimheshimu. Lakini alipokwenda alikwenda na idadi yake.

Kinamasi kile kilikatwa mifereji. Kwanza nduma na sukumawiki, jambo ambalo kwalo siwezi kumlaumu mtu: tuko karibu watu elfu moja katika kilomita moja ya mraba, na shamba la kurithi limekuwa upana wa kanga. Kisha wakaja mafundi wa matofali, wakachimba udongo wa mfinyanzi na kuwasha tanuri. Kisha mikaratusi. Mkaratusi unakua upesi, unauzwa kwa nguzo na kwa kuni za viwanda vya chai, na unakunywa maji kama mgeni asiyejua adabu. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito. Kwetu ilipungua hapa, ikachipuka pale. Mwaka 2012 dunia ikamwandika korongo mwenye taji katika kundi la wanaotishiwa kutoweka. Ukienda leo bondeni kwetu na kusema palikuwa na korongo, vijana watakuuliza ushahidi. Nakuru ina jedwali la ndege wake waliopungua. Sisi tuna hadithi ya nyanya, na hadithi haigongwi muhuri.

Hilo ndilo lililonitoa kwenye maziwa na kunirudisha nyumbani. Njia ilikuwepo tayari. Tangu 2013 kuna mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambao umeigawa nchi katika miraba ya kama kilomita tisa kwa tisa na kumwachia mtu yeyote mwenye simu na uvumilivu aandike alichokiona katika mraba wake. Haungojei mwezi wala msafara. Unapokea hata orodha fupi ya mtu wa kando ya barabara. Unafuata nyayo za atlasi ya ndege ya 1989, ile ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy, ila atlasi ile ilichukua miaka kutayarishwa, na hii inajijaza yenyewe kila jioni.

Nami nikabaki na mazoea ya Januari. Jumamosi ya wiki ya pili, kabla jua halijakaza, nashuka bondeni na watoto wachache wa shule ya jirani, wale ambao bado hawajaitwa bweni. Tuna darubini mbili na ubao mmoja wa kuandikia. Tunaanzia kwenye daraja la miti na kuishia pale tanuri la matofali lilipo, kila mwaka palepale, na tukikuta ng'ombe wa mtu njiani tunamsubiri apite. Akina mama wanaochota maji wamezoea. "Bwakire buya," wanatuamkia, kisha wanawauliza watoto kama wamempata yule ndege wa mwaka jana.

Mwaka huu mwandishi alikuwa msichana wa darasa la sita ambaye hati yake ni nzuri kuliko yangu. Kwarara wawili, kelele zao zikatangulia. Fundichuma mmoja juu ya jiwe, amesimama kama fundi anayesubiri malipo. Mdiria mmoja. Yangeyange watatu nyuma ya ng'ombe. Kitwitwi mmoja kwenye shimo la matofali lililojaa maji, akitikisa mkia, kutoka nchi ambayo hakuna mmoja wetu aliyewahi kuiona. Tukafika tanurini. Msichana akashusha kidole kwenye orodha na kusimama.

"Mwalimu, na korongo mwenye taji?"

"Tumemwona?"

"Hapana."

"Saa ngapi sasa?"

Akatazama simu yangu. Saa mbili na dakika kumi na tano. Akaiandika saa, halafu kando yake akachora sifuri, polepole, akahakikisha imefunga vizuri, na kuniuliza kama mwakani tunaweza kuanza mapema kidogo.